Dakika Ishirini kwa Masanja

Wale vijana watatu waliokuwa field, yaani mafunzo kwa vitendo, ofisini kwetu mwaka wangu wa mwisho waliniomba kitu kimoja kabla sijakabidhi funguo: niwaandikie namna ya kutunza muda, ili wakiajiriwa wasihangaike. Nadhani walitarajia ukurasa mmoja wenye vipengele. Mimi nimekuwa afisa mifugo huku Mpanda tangu enzi ambazo Katavi haijawa mkoa, vipengele nimeviandika vya kutosha kwenye ripoti, na sasa nimestaafu naandika ninavyotaka. Ya vyeo na mishahara nayaacha. Cheo kilikuja kilipotaka, na mshahara mtaujua nyie wenyewe.

Nilizaliwa Makanyagio, nyuma ya duka la baba. Baba alikuwa akirudi kutoka swala ya alfajiri anafungua, na sheria yake ilikuwa moja tu: mteja asigonge mlango. Akigonga, umechelewa, hata kama jua halijatoka. Nikiwa darasa la tano kazi yangu ilikuwa kuhakikisha chai imechemka, baraza limefagiliwa na mizani imefutwa kabla baba hajarudi kutoka msikitini. Saa sikuwa nayo. Nilipima kwa birika: nikilibandika mwadhini anapoanza, maji yanachemka nikiwa namalizia baraza, na chai ikiiva nakuwa nimeshafuta mizani. Hapo ndipo nilipojifunza kuhesabu kwa kurudi nyuma. Baba atafika wakati fulani, basi mizani ifutwe kabla ya hapo, basi baraza kabla ya mizani, basi niamke kabla ya yote hayo. Chuoni nilikuja kufundishwa jambo lilelile kwa wiki mbili, likiwa na michoro.

Shida ya binti aliyezoea kuwahi ni kwamba huanza kuwadharau wanaochelewa. Chuoni nilikuwa wa kwanza kuingia darasani, wa kwanza zizini kukamua, wa kwanza kukabidhi karatasi ya mtihani. Wenzangu wakaniita Kengele, na mimi nikadhani wananisifu. Baba alipopata habari kwamba nafanya vizuri alinitumia saa ya mkononi yenye mkanda mwekundu, nikawa naiangalia hata nisipokuwa na pa kwenda. Wallahi nilikuwa nakera.

Mwaka wa pili tulipangiwa field, na mimi nikarudishwa nyumbani, Mpanda. Wa kunipokea alikuwa Bwana Simon, afisa mifugo mfupi kutoka Ufipa, mwenye sauti ya mtu anayeongea na ng'ombe aliyeko ng'ambo ya mto. Siku ya kwanza niliripoti saa moja na nusu asubuhi. Ofisi imefungwa. Nikakaa kwenye ngazi hadi saa tatu, ndipo akaja, buti zimejaa tope na damu imemkaukia hadi kwenye viwiko.

"Wewe ndiye mwanafunzi?"

"Ndiyo, Bwana Simon. Shikamoo."

"Marahaba. Umefika saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Ukafanya nini tangu hapo?"

"Nilikuwa nasubiri."

"Basi na wewe umechelewa," akasema, akaingia ndani kunawa.

Nilikasirika mno. Baadaye nikajua kwamba tangu alfajiri alikuwa Misunkumilo akimvuta ndama aliyekwama, na kwamba mtu yeyote sokoni angenielekeza alipo kama ningeuliza. Mimi niliona kuwahi kumetosha.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Sindano tulizichemsha kwenye sufuria iliyokuwa na kipini kimoja. Kipimajoto cha ng'ombe, ambacho kama mnavyojua huingia nyuma, kilifungwa uzi, na mwisho wa uzi kibanio cha nguo cha kubana mkiani. Wiki ya kwanza nilikuwa na haraka nikaona uzi unapoteza muda. Ng'ombe akakimeza chote kwa hukohuko nyuma. Kipimajoto kilikuwa kimoja tu ofisi nzima, kwa hiyo Bwana Simon aliagiza kigoda, akanikalisha nyuma ya yule ng'ombe, akaniambia, "Sasa subiri. Na hii iandike kwenye ratiba yako." Nilisubiri hadi saa saba mchana. Watoto wa kaya ile walikuja kunitazama kwa zamu.

Lakini jambo lililonikera zaidi kwa Bwana Simon ni kwamba alikuwa akitembelea kaya nne kwa siku, tano zikizidi. Kila anapofika anakaa. Anakunywa maziwa, anaulizwa habari za Sumbawanga, anauliza habari za mvua, analetewa ugali, ananawa, anakula, na mimi pembeni nimeshika daftari nikihesabu dakika. Wenyeji wetu wengi upande wa Kakese walikuwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao kutoka kaskazini, na salamu zao pekee zinaweza kuchemsha birika la baba mara mbili. Moyoni nilishamhukumu: mtu mvivu anayejificha nyuma ya heshima za watu.

Siku moja akaanguka na pikipiki kwenye kivuko, mguu ukavimba. Tulikuwa tunaandikisha ng'ombe kwa ajili ya chanjo ya ugonjwa wa kimeta iliyokuwa inakuja, na kazi haikuweza kumngoja. Akanituma peke yangu. Usiku kucha nilifurahi. Nikaandika ratiba nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika: kaya tisa, kila moja dakika ishirini, baiskeli katikati.

Kaya ya tatu ilikuwa ya Mzee Masanja. Mzee mwenyewe sikumwona. Nilipokewa na mkewe, Kabula, ambaye watu walimwita Mama Maganga kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alikuwa mama wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye kicheko cha taratibu.

"Mwangaluka, daktari."

"Mwangaluka, mama."

"Mhola?"

"Mhola duhu," nikajibu, nikijisifu kimoyomoyo kwa kujua majibu ya salamu za Kisukuma. Akaniletea kigoda. Akaniletea maji. Akaniuliza njia, akaniuliza mguu wa Bwana Simon, akaniuliza kwetu Makanyagio wanasemaje kuhusu mvua. Mimi nikayaruka yote hayo.

"Mzee yupo?"

"Yupo ndani, kajilaza kidogo."

"Ng'ombe hawajambo?"

"Wapo," akasema.

Nikaandika: wazima. Nikauliza idadi, akanitajia. Akainuka. "Kaa kwanza, chakula kiko jikoni, hakichelewi." Nikamwambia ahsante, siku nyingine, nina kaya sita mbele. Nikiwa natoka nikapita chini ya kamba ambayo juu yake walikuwa wameanika vipande virefu vya nyama, vingi, vyekundu bado. Nikamsifia. Nikamwambia, "Mama Maganga, huku mnakula vizuri." Hakucheka. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Nakumbuka kwa sababu niliangalia.

Kaya tisa nilizimaliza. Saa tisa alasiri nilikuwa mbele ya Bwana Simon, aliyekuwa amenyoosha mguu juu ya kreti ya soda, nikamkabidhi daftari. Nilikuwa nasubiri sifa. Akasoma taratibu, akafika kwa Masanja.

"Hapa ulikula nini?"

"Sikula. Nilikuwa na ratiba."

"Ulikaa muda gani?"

"Dakika ishirini kamili."

"Masanja alikwambia nini?"

"Alikuwa amejilaza."

Akanitazama. "Masanja? Kajilaza asubuhi, saa ya ng'ombe kwenda malishoni?" Kisha, polepole, kama anayeogopa jibu: "Kulikuwa na kitu gani pale nyumbani? Chochote. Niambie ulichoona."

Nikafikiri. "Hakuna kitu. Nyama tu zimeanikwa."

"Nyama ya nini? Kuna harusi? Kuna msiba?"

Sikujua. Hapo akaushusha mguu wake kutoka kwenye kreti, akasimama nao hivyohivyo umevimba, akaita apewe pikipiki.

Njiani, akipaza sauti kuushinda mlio wa injini, alinifundisha kile ambacho ningekifahamu kama ningekaa hata siku moja kimya. Mfugaji wa kule hachinji ng'ombe kwa ajili ya kitoweo. Ukiona nyama nyingi imeanikwa na hakuna sherehe wala kilio, ng'ombe amekufa mwenyewe, na mtu mwenye njaa na uchungu wa mali yake hawezi kumtupa. Na jambo la pili: kwao habari mbaya haitangulii. Mgeni hukalishwa, hunyweshwa, hulishwa, na wakati vyombo vinaondolewa ndipo mwenyeji husema, sasa kuna jambo dogo. Lile jambo dogo ndilo ulilofuata. "Wewe uliondoka kabla hujafika," akasema.

Tulifika jua likiwa bado juu ya miti. Bwana Simon akaingia ndani moja kwa moja. Masanja alikuwa na homa, na kwenye mkono wa kulia, mkono alioshikia kisu cha kuchunia, kulikuwa na kidonda chenye gaga jeusi katikati kama kaa la moto lililozimika. Hakikuwa kikimuuma. Ndiyo sifa ya kimeta kinapotoka kwa ng'ombe kuingia kwenye ngozi ya mtu: hakiumi, kwa hiyo mtu hana haraka nacho.

Kabula alikuwa amesimama mlangoni. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu.

"Nilipika ili ukae," akaniambia. "Ukikaa, nilikuwa nakuonesha mkono wa mzee. Wewe ulikuwa unaangalia saa."

Bwana Simon akauliza kama kuna nyama imetoka pale nyumbani. Kabula akasema ndiyo, kapu moja. Mwanawe Maganga alilipeleka kwa baiskeli Misunkumilo, kwa dada wa Masanja, ambako ndiko alikokuwa akiishi mama mzazi wa Masanja. Limeondoka saa ngapi? Adhuhuri imepita kidogo. Yaani saa saba.

Hesabu hiyo nimeipiga maisha yangu yote. Nilitoka pale saa nne na dakika ishirini. Chakula kilikuwa jikoni. Tungekula, tungenawa, angesema. Hata kwa mwendo wa Kisukuma wa taratibu kuliko wote, saa sita ningekuwa nimejua, na kapu lingekuwa bado limetundikwa ukutani.

Bwana Simon alimpakia Masanja kwenye pikipiki kwenda hospitali, akapitia Misunkumilo. Mimi nilibaki na Kabula kuteremsha nyama, kuifunga, kuwaweka ng'ombe mbali na mahali walipomchunia yule aliyekufa. Huko Misunkumilo chungu kilikuwa kimeshaliwa. Nyumba nzima walikubali kwenda hospitali isipokuwa yule bibi, mama yake Masanja. Akasema yeye hajambo, tumbo lake limekula nyama za namna hiyo tangu ujana, atakwenda kesho. Walipomchukua walikuwa wamechelewa. Alifariki siku ya tatu. Wengine walipona, na Masanja akapona, na mkono ukabaki na alama.

Tulifukia ile nyama kwenye shimo refu tukaimwagia chokaa, na kundi likachanjwa. Kisha nikaenda msibani. Nilivua saa nikaiacha nyumbani, nikakaa na kina mama siku zote, nikipika na kuchota maji, na nililia kuliko wenye msiba. Hakuna aliyenilaumu, maana hakuna aliyejua isipokuwa Kabula na Bwana Simon, na wote wawili walinyamaza.

Msije mkaniletea ile haraka haraka haina baraka. Methali hiyo wavivu wameitumia mpaka imechakaa, na kuna nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na zote mbili ni kweli. Bwana Simon hakunipa methali. Alinipa adhabu ambayo naona ndiyo elimu yangu yote. Kwa wiki zilizobaki za field nilitakiwa kwenda kaya moja tu kwa siku. Nikae mpaka mwenyeji mwenyewe aseme "haya, karibu tena." Jioni niandike mambo mawili: niliambiwa nini, na niliambiwa baada ya nini. Mwanzoni nilikuwa kama mtu aliyefungwa kamba. Baada ya siku kumi daftari likaanza kunionesha mpangilio. Habari za ndama aliyepotea huja baada ya maji. Habari za ugomvi wa malisho huja baada ya maziwa. Habari za ugonjwa na kifo huja wakati wa kunawa, au ukiwa umeshaaga na mwenyeji anakusindikiza. Kwa kusindikizwa pekee nimewahi kupata habari kubwa kuliko za kikao kizima. Niliacha kabisa kupanda baiskeli mlangoni kwa watu. Nilikuwa naikokota mpaka tuagane.

Nilipoajiriwa nilikuwa nimeshajua kwamba siku ya kazi ina vitu vya aina mbili, na hapo ndipo vijana wengi wanapojikwaa. Kuna vitu vinavyoharibika ukivingoja. Chanjo kwenye boksi la barafu haijali heshima za mtu. Ukishaichanganya, imeanza safari ya kufa. Ng'ombe wa kuogeshwa lazima wafike joshoni alfajiri, kwa sababu wakicheleweshwa jua linawapiga na mfugaji harudi tena mwezi ujao. Kwa vitu hivyo nilikuwa binti wa baba yangu: nilihesabu kwa kurudi nyuma na sikumngoja mtu, hata mkubwa wangu wa kazi. Niliwahi kumwacha mmoja amesimama ofisini na chai yake mkononi. Halafu kuna vitu vinavyoharibika ukivikimbiza, na vyote ninavyovijua vya aina hiyo vina mtu ndani yake. Nilikuwa navipanga mchana, baada ya chanjo kwisha, kaya mbili au tatu, na katikati naacha nafasi tupu. Mkaguzi mmoja aliwahi kuniuliza hiyo nafasi tupu ni ya nini. Nikamwambia ni ya jambo dogo. Akaandika kwamba ratiba yangu ina mapungufu.

Vijana wangu watatu walikuja na simu. Ratiba zao zilikuwa za rangi, kila kazi na rangi yake, na simu inalia kila baada ya muda kama jogoo mwenye homa. Sikuwacheka, mimi Kengele ningemcheka nani? Niliwapa madaftari ya kawaida nikawaambia wasipange kitu chochote kwa wiki moja, waandike tu kila walichofanya, saa iliyoanza na saa iliyoisha, bila kudanganya. Mmoja akagundua kwamba kwa siku anatumia karibu saa mbili kutafuta chaja na mahali pa kuchajia. Mwingine akagundua kwamba kila anaposema "dakika tano, mama" zinakuwa arobaini. Wa tatu, binti, alirudi na daftari limefungwa. Nilipomdadisi akasema, "Mama, nimeona watu naongea nao dakika mbili mbili tu. Wote." Huyo nilijua amesoma daftari lake. Nanyi mtakaokuja baada yao, fanyeni hivyo sasa, mkiwa bado wanafunzi na makosa yenu yanabebwa na mtu mwingine. Ukishaajiriwa, kosa la saa mbili linaweza kuwa na jina la mtu.

Wiki moja kabla ya kuagwa nilikwenda Kakese kuaga. Masanja alishafariki kwa uzee, Bwana Simon naye ametangulia. Kabula yupo, mgongo umepinda kidogo, kicheko ni kilekile. Katika miaka karibu arobaini nimefika kaya ile mara zisizohesabika, nimechanja ng'ombe wake, nimekula kwake, nimemzika naye mumewe. Lakini kila mara nilikuwa na kaya nyingine mbele. Siku hiyo sikuwa na pa kwenda. Tulikula, tukanawa, wajukuu wakaondoa vyombo, kivuli kikahama mara mbili, na mimi nimekaa.

"Daktari," akasema, "nami nina langu."

Nikamwambia aseme.

"Siku ile ya nyama. Ulipotoka, nilikufuata. Nilifika mpaka pale kwenye uzio. Wewe ulikuwa unapanda baiskeli. Nilitaka kukuita. Nikajiambia, mgeni haitwi mgongoni, na hajala chakula changu, nitamwambiaje habari ya kifo amesimama? Nikaona aibu. Nikarudi, nikamfungia Maganga kapu." Akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge. "Mama mkwe wangu alinipenda yule. Sijamwambia mtu. Hata mzee sikumwambia."

Miaka yote hiyo nilidhani mzigo ule ni wangu peke yangu, kumbe tulikuwa tumeubeba wawili, kila mmoja na upande wake, na kila nilipokuja nilikuwa naondoka mapema kiasi kwamba hakuwahi kupata pa kuushushia.

"Mama Maganga," nikamwambia, "siku ile hata ungeniita, nisingesimama."

Sijui kama ni kweli. Huenda ningesimama. Lakini alishusha pumzi ndefu, akainuka kwa kushika goti, akaenda kuniletea maziwa mengine.